Matarajio na Kazi katika Jiji la Nairobi

Chukua watu wawili wenye nguvu sawa, uwape majembe yaliyo sawa, uwapimie ngwe mbili katika shamba moja. Mmoja mwambie kwamba wajua hataweza, na kwamba umempa kazi kwa kumhurumia tu. Wa pili mwambie kwamba wamtegemea, na kwamba ngwe yake ikiisha ndiyo itakayokupa moyo wa kumwonyesha kazi iliyo kubwa zaidi. Jua litakapofika utosini, nenda ukatazame. Mara nyingi utakuta tofauti iliyokwisha kuonekana ardhini, ingawa udongo ni ule ule na majembe ni yale yale. Wazee wetu walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hawakusema ndivyo azaliwavyo. Walijua kwamba lile watu wanalolingojea kwa mtu huingia ndani yake, likawa sehemu ya nguvu zake au sehemu ya udhaifu wake.

Nataka, ewe msomaji, tulichunguze jambo hili kwa njia ya historia, kwa kuwa historia ni hodari wa kuonyesha lile ambalo mawaidha matupu hayawezi kulithibitisha. Hatutakwenda mbali. Tutatazama mitaa miwili ya Nairobi ambayo majina yake yamesikiwa na kila mtu: Kibera, ulioko kusini-magharibi ya katikati ya jiji, na Kawangware, ulioko magharibi, upande wa Dagoretti. Watu wengi wamekwisha kusema habari za mitaa hii, na mara nyingi husema juu ya upungufu wake peke yake. Sisi tutauliza swali jingine: je, maneno na matarajio ya wakubwa yamefanya nini juu ya kazi za watu wanaoishi humo?

Kwanza yatupasa kuelewa maana ya neno lenyewe. Mwaka wa 1964 mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeitwa Victor Vroom alitoa kitabu juu ya kazi na yale yawatiayo watu bidii. Alifundisha kwamba kila mfanyakazi, hata kama hasemi kwa kinywa, hujiuliza maswali matatu. La kwanza: nikijitahidi, je, nitaweza? La pili: nikiweza, je, nitapewa nilichostahili? La tatu: hicho nitakachopewa, je, kina thamani kwangu? Majibu yote matatu yakiwa ni "ndiyo", bidii huja yenyewe. Lakini jibu moja likiwa ni "la", bidii hufa, hata kama mengine mawili ni mema. Kama vile chungu chenye mafiga mawili kisivyoweza kusimama, hata mafiga hayo yakiwa imara namna gani. Shika maswali haya matatu, kwa maana tutayarudia.

Historia ya Kibera yaanza na swali la pili, lile la malipo. Karibu na mwaka wa 1904 askari wa Kinubi, ambao asili yao ni Sudani na waliotumikia jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, walianza kukaa katika msitu uliokuwa kando ya mji mchanga wa Nairobi. Katika lugha yao pahali pale paliitwa Kibra, maana yake msitu. Mwaka wa 1918 serikali ilitangaza kwamba ardhi ile, ekari 4,197, ni ya jeshi, na askari waliomaliza utumishi wao wakapewa ruhusa ya kukaa na kulima humo. Watu hawa walikuwa wamepigana vita vya wengine, wakastaafu, na wakaamini kwamba ardhi ile ndiyo ahsante ya damu yao. Lakini ruhusa si hati. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake katika mwaka wa 1933, ilitamka kwamba Wanubi wa Kibera ni wapangaji wa hisani tu, wanaokaa kwa mapenzi ya serikali.

Fikiri sasa, msomaji, tamko kama hilo hufanya nini katika mikono ya watu. Mtu asiyejua kama kesho ataambiwa aondoke hajengi nyumba ya mawe, hapandi mti utakaozaa baada ya miaka kumi, wala hachimbi kisima kirefu. Hujenga kwa udongo na mabati. Kisha mgeni hupita, akatazama kuta za udongo, akasema, "Watu hawa hawapendi maendeleo." Hajui kwamba kuta zile ni jibu la swali la pili. Muda mwingi ulipita kabla ya jibu hilo kubadilika: mwaka wa 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ardhi ya ekari 288. Linganisha mwenyewe hesabu hiyo na ile ya mwaka wa 1918.

Lililowapata Wanubi katika ardhi liliwapata wafanyakazi wote wa Nairobi katika mishahara. Katika zama za ukoloni waajiri wengi na maofisa wengi waliamini jambo moja juu ya Mwafrika afanyaye kazi mjini. Waliamini kwamba yeye ni mtu wa shamba aliyekuja mjini kwa miezi michache tu, kutafuta fedha ya kodi au ya kununulia kitu fulani, na kwamba akiipata atarudi kwao. Kwa hiyo, walisema, hana haja ya mshahara wa kumtunza mke na watoto, kwa kuwa hao wanalishwa na shamba; wala hana haja ya nyumba, kitanda kinamtosha. Mshahara wa chini ukapimwa kwa kipimo cha mwanamume mmoja asiye na mtu. Hata mzee mwenye mvi aliyepika na kufagia katika nyumba ya mzungu aliitwa "boi", yaani mtoto. Na ili asiondoke kazini bila ya idhini, alibebeshwa kipande, kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karatasi ile, yenye habari za kazi na ujira wake, ilitiwa ndani ya kikebe cha madini na kuvaliwa shingoni.

Tazama jinsi tarajio hilo lilivyojitimiza. Kwa kuwa mfanyakazi alitarajiwa kuondoka, alilipwa ujira wa mtu atakayeondoka. Kwa kuwa ujira ule haukumtosha kumleta mkewe mjini, kweli aliondoka. Kwa kuwa aliondoka, hakuna aliyejisumbua kumfundisha ufundi. Kwa kuwa hakufundishwa, kazi yake ilikuwa hafifu. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa hafifu, mwajiri alinyosha kidole, akasema, "Je, sikuwaambia?" Mwaka wa 1948 mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Merton aliandika juu ya duara la namna hii. Alieleza kwamba utabiri huweza kuwa wa uwongo unapotamkwa, lakini kwa sababu watu wanautenda kana kwamba ni kweli, mwisho wake hugeuka kuwa kweli. Aliyetabiri hujiona nabii, kumbe yeye ndiye aliyelitengeneza jambo lile kwa mikono yake.

Wengine walijaribu hata kulivisha tarajio hilo joho la elimu. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, hapa hapa Nairobi. Daktari huyo aliifananisha akili ya Mwafrika na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wataalamu waliokuja baadaye walikikanusha kitabu hicho. Lakini fikiri madhara ya maneno kama hayo yakiwa mezani pa msimamizi wa kazi. Ikiwa msimamizi amekwisha kuamini kwamba mtu wake hawezi kufikiri, atampa kazi gani ya kufikiri? Na mtu asiyepewa kazi ya kufikiri ataonyeshaje kwamba aweza?

Lakini si kila mtu hukubali kuvaa nguo aliyoshonewa na dharau. Tom Mboya, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Kenya huru, alianza kazi mwaka wa 1951 akiwa bwana afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1963 asimulia kwamba siku moja alikuwa peke yake katika ofisi, mwanamke wa Kizungu akaingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama humo ofisini hamna mtu. Mboya alimjibu kwa kumwuliza kama macho yake yana kasoro. Soma kisa hicho kwa makini. Mwanamke yule huenda hakukusudia kumtukana. Alitarajia kumwona mtu wa namna fulani mezani, na kwa kuwa hakumwona huyo, hakumwona yeyote. Tarajio lilikuwa limemfunga macho. Mboya hakuacha kazi kwa uchungu. Aliunda chama cha wafanyakazi wa halmashauri, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Alielewa kwamba dharau haiondolewi kwa malalamiko ya mtu mmoja, bali huhitaji watu wengi walioshikana.

Mwaka wa 1954 duara lile lilianza kukatwa, na waliolitia kisu walikuwa maofisa wa serikali yenyewe. Kamati ya mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa kamishna wa kazi F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake. Iliona kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na kampuni za watu binafsi, na takriban robo ya wale walioajiriwa na serikali, walilipwa ujira usiotosha hata mahitaji ya lazima ya afya na ya kuwawezesha kufanya kazi vema. Ikashauri kwamba ujira wa mseja uachwe, na kwa muda wa miaka kumi ufikiwe ujira wa mtu mwenye familia. Wanakamati hawa hawakuwa wametakata na dharau za zama zao. Taarifa yao ina maneno mengi ya kuudharau utamaduni wa Mwafrika. Hata hivyo waliona ukweli mmoja mkubwa: huwezi kungoja mfanyakazi awe hodari ndipo umlipe kama mtu. Yakupasa kumlipa kama mtu, umtarajie kukaa, umfundishe, ndipo uhodari uje.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, kipande kilikuwa kimekwisha, na "boi" akawa raia. Lakini mazoea ya kutazama upungufu hayakuondoka pamoja na gavana. Watu walimiminika Nairobi kutoka kila upande wa nchi, wengi wakipanga vyumba Kibera kwenye ardhi ya serikali, na wengine Kawangware kwenye viwanja vya watu binafsi. Kazi za ofisini na za viwandani hazikutosha. Basi likazuka tarajio jipya: kwamba mtu asiyeajiriwa ni mtu asiyefanya kazi, yaani mzururaji wa kufukuzwa na askari.

Mwaka wa 1972 ujumbe wa wataalamu ulioletwa na Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa taarifa kubwa juu ya kazi katika Kenya. Waliwatazama wale walioitwa wavivu, wakaona jambo lingine. Waliona mafundi seremala, wahunzi, washona nguo, washona viatu, wauza vyakula na watengenezaji wa taa na majiko; watu wafanyao kazi tangu alfajiri mpaka usiku, wenye ujuzi na faida, ingawa vyombo vyao ni vichache. Taarifa hiyo ndiyo iliyoeneza ulimwenguni wazo la kazi zisizo rasmi. Wakenya wenyewe wamezipa jina lililo bora zaidi: jua kali, kwa kuwa mafundi wake hufanya kazi bila ya paa juu ya vichwa vyao. Watu walikuwa ni wale wale kabla ya taarifa na baada yake. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika. Lakini macho yakibadilika, askari huacha kuvunja vibanda, na fundi huthubutu kununua chombo kipya.

Hata leo, ukisimama asubuhi na mapema karibu na Kibera, utawaona watu wakifuata reli kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Na kutoka Kawangware utawaona wanawake wakienda Lavington na Kilimani kufua nguo za watu kwa malipo ya siku. Mtu aondokaye nyumbani kabla ya mapambazuko kutafuta kazi ambayo hana hakika ya kuipata hawezi kuitwa mvivu na mwenye akili timamu.

Sasa nataka ulitazame kwa utulivu jaribio moja lililofanywa katika mitaa hii miwili, kwa kuwa linalithibitisha lile ambalo mpaka hapa tumelidhania tu. Mwaka wa 2020 mwanachuoni Catherine Thomas na wenzake walitangaza matokeo yake. Watu 565 wa Kibera na Kawangware walipewa fedha za msaada. Lakini waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na kila kundi likaambiwa maneno tofauti juu ya fedha zile. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba msaada ni wa kupunguza umaskini, ili maskini wapate mahitaji yao. Kundi la pili liliambiwa kwamba msaada ni wa kumwezesha mtu binafsi afikie malengo yake na kujitegemea. Kundi la tatu liliambiwa kwamba msaada ni wa kuiwezesha jamii, ili mtu aweze kuwainua walio wake, na wote wasonge mbele pamoja. Baada ya hapo kila mmoja alipewa nafasi ya kuchagua: atazame picha za video zifundishazo ujuzi wa biashara, au atazame za kujiburudisha.

Matokeo yalikuwaje? Wale walioambiwa habari za kuwezeshwa, wao wenyewe au jamii yao, walijiamini zaidi, na walitarajia zaidi kwamba maisha yao yatapanda, kuliko wale waliokumbushwa umaskini wao. Lakini lilikuwa ni kundi la tatu, lile la jamii, lililoonyesha wazi kuchagua kujifunza biashara zaidi, na ndilo lililopungukiwa na ile aibu ya kupokea msaada. Hapa pana fundisho kwetu sisi Waafrika. Vitabu vingi vya ng'ambo humwita mtu ajitahidi kwa ajili ya nafsi yake. Watu wa Kibera na Kawangware waliitika zaidi walipoitwa kwa ajili ya wenzao. Mama afuaye nguo Lavington hafui kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Ana karo ya mtoto, ana mzazi kijijini, ana zamu yake katika chama cha akina mama. Ukimtarajia kuwa nguzo ya nyumba, umemtarajia kuwa vile alivyo.

Tena wataalamu wale waliwauliza wenyeji watabiri ni maneno gani yatakayowatia watu wa mtaa wao bidii ya kujifunza. Njia hii ya kuwauliza wenyeji ilipanga maneno yale kwa usahihi kuliko njia nyingine walizozijaribu. Na wafadhili nao hawakupunguza nia yao ya kutoa kwa sababu ya maneno ya heshima. Kumbe si lazima kumdhalilisha mtu ndipo mwingine amhurumie.

Huenda utaniuliza, "Je, mwalimu, maneno mazuri yatosha?" La, hayatoshi, na hapa yatupasa kuwa waangalifu. Katika jaribio lile makundi yote matatu yalipewa fedha. Maneno yaliongeza kitu juu ya fedha. Hayakuwekwa mahali pa fedha. Mwajiri amsifuye mfanyakazi wake kila asubuhi na kumnyima ujira wake kila mwisho wa mwezi, huyo amelijibu swali la kwanza na kuliua la pili. Kadhalika tusitie chumvi. Mwaka wa 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson wa Marekani waliandika kwamba walimu walipoambiwa kuwa watoto fulani watachanua, ingawa watoto hao walichaguliwa bila ya kufuata sifa yoyote, baadhi yao walisonga mbele kweli, hasa wale wadogo. Wataalamu waliofuata walibishana nao sana, na wengi wakaona kwamba nguvu ya matarajio ya mwalimu ipo, lakini si kubwa kama ilivyodhaniwa mwanzo. Tarajio ni mvua. Haliotesha mbegu ambayo haikupandwa, wala halitoshi pasipo na udongo.

Lakini hata mvua ndogo ni mvua. Siku moja, ewe msomaji, utakuwa na watu chini ya mkono wako. Labda utakuwa msimamizi wa ujenzi, na vibarua wa Kibera watakuja kwako asubuhi. Labda utakuwa muuguzi mkuu, au mwalimu, au bibi wa nyumba mwenye mfanyakazi mmoja tu. Siku hiyo kumbuka maswali matatu. Mwonyeshe mtu kwamba aweza, kwa kumfundisha. Mwonyeshe kwamba atalipwa, kwa kumlipa siku uliyoahidi. Mwulize ni jambo gani lenye thamani kwake, wala usimkisie. Na jina lake ulijue. Usimwite kwa mtaa atokao, kana kwamba mtaa huo ni ugonjwa.

Na ikiwa wewe mwenyewe umezaliwa Kibera au Kawangware, au mahali popote ambapo watu hupataja kwa kusikitika, basi jua kwamba wale wakutazamao kwa dharau walikwisha kukosea mara nyingi kabla yako. Walikosea juu ya askari, walikosea juu ya mpishi waliyemwita boi, walikosea juu ya bwana afya aliyekuwa peke yake ofisini, na walikosea juu ya fundi wa jua kali. Kila mara waliposema "hawezi", hawakuwa wameipima nguvu ya mtu. Walikuwa wameupima ujira waliompa.